Haya ya Waziri

Machi 4

Mvua imeanza leo, na shangazi kaanza nayo. Hakuna aliyebisha hodi. Nilikuwa naanua nguo, nikasikia mlango wa mbele umefunguliwa, na kabla sijamwamkia akauliza, "Waziri wako anasemaje?" Utadhani nimemfungia Waziri kabatini.

Nikamwambia kama ninavyomwambia kila siku: mimi ni mkalimani wa wizara, si mshauri wa Waziri. Akisema, nasema. Akinyamaza, naangalia zulia.

"Basi siku akinyamaza, wewe sema," akajibu, kisha akaomba chai, akainywa yote huku akilalamika kwamba haina sukari.

Nimeamua kuandika. Kutwa nzima kinywa changu ni cha serikali, na nikirudi nyumbani ni cha shangazi. Walau karatasini kiwe changu.

Machi 6

Nieleze kesi yenyewe, maana baba watoto akiniuliza huwa nakasirika kabla sijafika katikati.

Huko ng'ambo kuna soko la bima. Halina nyanya wala vitunguu. Watu wenye mali huziweka mali zao nyuma ya bima za wengine. Meli isipozama na kiwanda kisipoungua, wanagawana faida. Ikizama, wanalipa wao, kwa kila walicho nacho. Wanaitwa wadhamini. Zamani walikuwa matajiri wa huko huko. Baadaye wakaja na kwetu, suti nzuri, maneno matamu, wakamkuta shangazi: mjane, ana nyumba ya ghorofa moja, chini anashona sare za shule, juu analala. Wakamwambia, "Mama, nyumba yako itabaki hapa hapa, lakini itafanya kazi kule." Na kweli ikafanya kazi, kila mwaka akawa analetewa hundi ya faida. Miaka hiyo ya hundi shangazi alikuwa hatujui. Alijiita mwanachama. Baba watoto, ambaye ni fundi wa majokofu na mdomo wake hauna jokofu, alimwita Bi Soko.

Kisha barua zikaanza kuja za kudai badala ya kulipa. Viwanda vya zamani vilikuwa vimemwaga sumu mitoni, watu wameshitaki, na soko ndilo lililovikatia bima. Shangazi na wenzake wanasema wenye soko walijua mzigo huo unakuja, ndiyo maana wakaja huku kutafuta migongo mipya ya kuubeba. Wamefungua kesi hapa nyumbani. Soko linasema mkataba unataka kesi isikilizwe kwao, na mawakili wa kwao, kwa bei za kwao. Jaji wetu, kabla ya kuamua, ameiuliza wizara yangu kama serikali ina neno.

Hilo ndilo neno shangazi analolisubiri. Serikali ikisema watu wetu wasikilizwe kwetu, nyumba yake huenda ikapona. Serikali ikinyamaza, nyumba imekwenda.

Machi 7

Nimekwenda kwa Katibu Mkuu kumwambia ukweli, kwamba mmoja wa wadhamini ni dada wa marehemu baba yangu, na kwamba pengine mazungumzo ya kesi hii angepewa mkalimani mwingine. Katibu Mkuu tunamwita Bwana Taratibu, kwa sababu hana jambo asilolifuata kwa taratibu, na hana jambo asilolifanya taratibu. Alinisikiliza, akafunga kalamu yake, akasema, "Nani hana shangazi, mama? Endelea na kazi."

Nilimpenda kwa jibu lile. Naliandika hapa nisije nikasahau kwamba nilimpenda.

Machi 11

Mvua. Shangazi. Chai.

Machi 15

Leo Balozi wa nchi ya soko kaja wizarani. Ni mtu mrefu, mpole, kasoma Kiswahili chuo kikuu, na Kiswahili chake kimenyooka kama shati lililotoka kupigwa pasi. Mama anayetuletea chai, ambaye ni mdogo kwake kwa miaka isiyopungua ishirini, aliamkiwa na Balozi "Shikamoo." Mama wa watu hakutetereka. "Marahaba, hujambo?" akamjibu, akamwekea kikombe. Waziri aliuma mdomo asicheke, mimi nikajifanya nakohoa.

Katika mambo ya kazi lakini Balozi huongea lugha yao, asije akakosea, ndipo mimi naingia. Kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji kwenye ndoo nyuma ya kiti changu, nikawa natafsiri na huku najizuia kutafsiri ndoo.

Alisema serikali yake inawahurumia sana wadhamini. Alisema mkataba ni mkataba. Alisema kila nchi ikianza kulishitaki soko kwenye mahakama zake, soko litakufa, na soko likifa meli za dunia nzima zitalala bandarini. Halafu akanywa chai, akasema, kama mtu aliyekumbuka kitu kingine kabisa, kwamba mkopo wa mitambo ya umeme unaendelea vizuri na wakubwa zake wangependa uendelee hivyo hivyo.

Waziri akasema, "Tumewasikia." Nikatafsiri: tumewasikia. Si tumekubali, si tumekataa. Nilitoka pale kifua mbele. Huyu mzee, nilijisemea, si wa kuchezewa. Anajua kumsikiliza mtu bila kumpa kitu.

Machi 16

Shangazi: "Amesema nini?" Nikamwambia siruhusiwi. "Uso wake ulikuwaje?" Nikamwambia ulikuwa wa Waziri. Akaondoka amenuna, akasahau mwavuli, akarudi kuuchukua, akanuna upya.

Machi 24

Mafuriko madogo mtaani. Watoto hawakwenda shule. Baba watoto kaletewa majokofu matatu yaliyoogelea.

Machi 29

Shangazi hakulalamikia chai leo, ikabidi nimtazame vizuri. Kakonda. Kasema, "Unajua, nilipokuwa nakula nilikula. Sitaki kusema sikula. Ningekuwa nimecheza kamari nikaliwa, ningenyamaza. Lakini hawa waliuza ng'ombe wakijua ameshakufa." Kisha akanieleza namna marehemu mume wake alivyobeba mawe ya msingi wa ile nyumba kwa mkokoteni wa kuazima, akawa anasukuma alfajiri ili mwenye mkokoteni aupate kabla ya kazi.

Miaka yote nimemwona ni mwanamke wa maringo. Leo nimeona kwamba maringo yale yalikuwa ni nyumba tu, na nyumba ikitoka hakuna kitakachobaki cha kuringia. Nilimwongezea sukari bila kuombwa.

Aprili 2

Leo nitaandika kwa kirefu, maana nina wasiwasi.

Balozi alikuja tena, bila kupanga. Waziri alikuwa amechoka, ametoka bungeni walikomtukana kutwa. Tulikaa chumba kile kile, ndoo ile ile. Bwana Taratibu alikaa pembeni. Balozi hakuzunguka. Aliuliza kwa lugha yao, polepole, akinitazama mimi kwanza halafu Waziri: je, anaweza kuwaarifu wakubwa zake kwamba serikali hii haitasema kitu mahakamani?

Nikatafsiri neno kwa neno. Waziri akatazama dirishani, mvua ilikuwa inakipiga kioo kama inadai kuingia. Akashika magoti yake, akajinyanyua kwenye kiti, akasema, "Haya."

Basi. Hilo tu.

Sasa wewe niambie, haya ni nini? Mama humwambia mtoto haya, kaoge. Muuzaji akichoka kubishana husema haya, lete. Mtu akipigwa uongo mrefu husema haya, ili uongo uishe. Anayeondoka husema haya, tutaonana. Mke akimwambia mumewe haya, mume mwenye akili hujua hajasamehewa. Mimi nilikuwa na nafasi ya pumzi moja. Nilimtazama mtu aliyekwisha simama, aliyechoka, anayetazama mvua, nikaona ile ni haya ya kuagana. Nikatumia neno lao la kufunga mazungumzo, ambalo kwao si ndiyo wala si hapana. Hata sasa nikilirudia kichwani, lile ndilo neno.

Lakini Balozi hakunisikiliza mimi. Alikuwa amelisikia la Waziri mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha pasi, akalidaka kwa mikono miwili. Akasimama uso umemng'aa. "Haya! Asante sana, Mheshimiwa!" Akatoa mkono, Waziri akaupokea, akatabasamu. Hakusema hebu ngoja.

Kule koridoni nilimshika Bwana Taratibu. Nikamwambia Balozi ameelewa vingine, kadhani amekubaliwa, arudishwe asahihishwe kabla hajafika kwenye gari. Alinitazama kwa upole. "Taratibu, mama. Tusimtie mgeni haya."

Mlango wa gari ukafungwa nje. Nikarudi kuchukua miwani yangu.

Aprili 3

Sikuweza kula. Nilimweleza baba watoto, japo si ruhusa. Akafikiri, akafunga kisanduku chake cha vifaa. "Kwa hiyo Waziri amesema haya."

"Ndiyo."

"Na hana haya."

Tulicheka mpaka watoto wakaja kuuliza kuna nini. Halafu tukaacha kucheka.

Aprili 9

Shangazi alikuwepo mahakamani, mimi nilikuwa kazini, hivyo haya nimeyapata kwa simu, kwa kelele, kutoka kwa mwanamke anayelia na kutukana kwa pamoja. Wakili wa soko alisimama akamwambia Jaji kwamba hakuna haja ya kuisubiri wizara. Serikali, alisema, imekwisha kuihakikishia nchi rafiki kwamba haitasema kitu. Tarehe 2 Aprili. Mbele ya mkalimani.

"Mbele ya mkalimani," shangazi akarudia. "Ulikuwepo. Ulikuja nyumbani ukanipa chai, na ulikuwepo."

Nilimwambia sivyo ilivyokuwa. Nilimwambia siruhusiwi kueleza. Yaani niliyasema yote mawili katika pumzi moja, na kweli nikijisikiliza, ni nani angeniamini? Akakata simu.

Aprili 10

Wadhamini wamekuja kusimama nje ya lango la wizara, kwenye mvua. Wazee watupu: mwalimu mkuu mstaafu, mfamasia, mwenye kiwanda cha magodoro, shangazi na mwavuli wake. Hawakuimba wala hawakupiga kelele, walisimama tu. Niliingia kwa mlango wa nyuma kama mwizi.

Saa za mchana wizara ikatoa taarifa. Serikali haijaahidi chochote. Yaliyotokea ni "kosa la ukalimani."

Nilisoma taarifa hiyo nikiwa nimesimama kaunta ya mama wa chai. Naye aliisoma juu ya bega langu, akaniwekea kikombe, akasema, "Pole, dada." Ni yeye peke yake aliyenipa pole jengo zima.

Aprili 11

Mvua imenyesha. Shangazi hajaja.

Aprili 12

Mvua. Hajaja. Nimepiga simu, haipokelewi.

Aprili 14

Bwana Taratibu alikuja nyumbani kwangu, jioni, bila dereva, na boksi la biskuti kwa watoto. Baba watoto alimsalimia, akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma na mlango akauacha wazi.

Akasema hivi. Kutakuwa na kamati ya uchunguzi. Kama mkalimani atasema hakukosea, basi Waziri ndiye aliyesema, na kama Waziri ndiye aliyesema, serikali imefungwa na neno lake, haiwezi tena kuiandikia mahakama. Lakini kama ni kosa la mkalimani, neno halikuwepo. Serikali iko huru. "Wewe ubebe hili, mama, nasi tutaiandikia mahakama."

"Mtaiandikia?"

"Una neno langu. Tutaiandikia kabla ya mwezi kwisha. Lakini likivuja, hata kwa shangazi yako, hasa kwa shangazi yako, halipo tena."

Nilimuuliza na kazi yangu je. Akasema sitafukuzwa, nitahamishwa tu, kwa muda, mpaka upepo upite. Alipoondoka baba watoto aliingia, akalitazama lile boksi kama ameletewa panya. "Ukimeza hili watakuletea jingine," alisema. "Wewe una jina moja tu katika kazi ile, nalo ni kwamba hukosei."

Nilimjibu kwamba shangazi naye ana nyumba moja tu.

Akachukua mto wake, akaenda kulala sebuleni. Mimi simlaumu. Yeye hakumwona shangazi alipokuwa anaeleza habari za mkokoteni.

Aprili 17

Kamati. Watu watano, meza ndefu, na karani mzee wa kuandika kumbukumbu, mtu makini ajabu.

Mwenyekiti akasafisha koo. "Karani, andika. Tarehe 2 Aprili, Waziri alisema haya."

Karani akaandika, akaweka nukta mbili, akainua kalamu, akangoja. Mwenyekiti naye akangoja. Mwisho karani akauliza kwa heshima, "Mheshimiwa, alisema yapi?"

"Haya."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Yapi?"

"Haya! Hayo ndiyo aliyosema, haya!"

"Nimeshaandika alisema haya, Mheshimiwa. Sasa nasubiri hayo maneno."

Walicheka mpaka mmoja akafuta macho kwa tai. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu kilikuwa kichekesho kweli. Halafu mwenyekiti akanigeukia, bado anatabasamu, akaniuliza nililitafsiri vipi.

Nilikuwa na neno la kweli mdomoni. Nililisikia kabisa limekaa kwenye ulimi.

"Nilisema tumekubali," nikajibu.

"Na hilo lilikuwa sahihi?"

"Hapana. Nilikosea."

Karani akaandika. Safari hii hakuwa na swali. Miaka kumi na tisa nimekaa kati ya watu wawili na sijawahi kumwekea mtu neno ambalo hakulisema, na leo nimejiwekea mwenyewe. Nilipotoka nje nilijiambia: nyumba. Nililirudia neno hilo mpaka kituoni. Nyumba, nyumba, nyumba.

Aprili 18

Magazeti yameniandika. Hawakutaja jina, wameandika "mkalimani mwandamizi wa kike," na tuko wawili tu, na mwenzangu ni mwanamume.

Aprili 19

Nimehamishiwa chumba cha machapisho. Kazi yangu ya kwanza ni kutafsiri maelekezo ya kutumia vizima-moto. Vuta pini. Elekeza bomba chini ya moto. Angalau pini ni pini.

Aprili 22

Mvua. Hajaja. Nasikia anasema sokoni kwamba damu nzito kuliko maji ni methali ya watu wasio na jamaa serikalini.

Aprili 26

Wizara imeiandikia mahakama.

Nimeisoma barua kwenye gazeti, kama raia mwingine yeyote. Ina sentensi mbili. Ya kwanza inasema Serikali haikutoa ahadi yoyote kwa nchi yoyote, na kwamba kosa la ukalimani lililotokea limeshughulikiwa. Ya pili inasema: kuhusu mahali pa kusikilizia shauri hili, Serikali haina la kusema.

Haina la kusema. Nilisoma tena, labda kuna ukurasa wa pili. Hakuna.

Niliacha vizima-moto vyangu nikapanda ghorofa ya nne kwa miguu. Bwana Taratibu hakushangaa kuniona, akanionyesha kiti, sikukaa. "Uliniahidi," nikamwambia.

"Tulisema tutaandika, mama. Tumeandika. Na mwezi haujaisha."

Sauti yake ilikuwa ile ile ya "nani hana shangazi." Nikaelewa kwamba siku ile hakuwa akinifariji. Alikuwa anahifadhi kitu ambacho kingekuja kumfaa. Shangazi wangu alikuwa bima yao. Mkalimani mwenye jamaa kwenye kesi: ukimhitaji akosee, ameshakosea.

Nami nimeishi kwa kusikiliza maneno. Nawasahihisha watoto wangu wakisema neno pungufu. Mtu mzima kaja nyumbani kwangu, kaniambia "tutaandika," na mimi, mimi, sikumuuliza mtaandika nini. Na Waziri niliyemsifu Machi kwamba anajua kumsikiliza mtu bila kumpa kitu: ndivyo hivyo, anajua, nasi ndio hao watu.

Nilimwambia Bwana Taratibu kitu ambacho sitakiandika, ni tusi la bibi yangu, na lugha yao haina neno lake. Alikunja uso kidogo tu. Akasema, "Taratibu, mama."

Aprili 27

Sikwenda kazini. Baba watoto hakusema nilikuambia. Alinitengenezea uji, ukaungua, tukaula.

Mei 3

Kwenye televisheni: Waziri na Balozi wanatia saini mkopo wa mitambo ya umeme. Yule mwenzangu amekaa kiti changu. Waziri kamwonyesha Balozi pa kutia saini, kasema "hapo hapo, hakuna shida," naye akatafsiri "kwa furaha kubwa." Sikuweza kujizuia, nikamsahihisha kwa sauti. Mtoto wa mwisho kaniuliza naongea na nani.

Mei 10

Jaji ameamua. Kwa kuwa Serikali haina la kusema, mkataba usomwe ulivyo. Kesi iende kwao.

Mwalimu mkuu mstaafu alianguka pale pale mahakamani. Wanasema anaendelea vizuri.

Mei 13

Mvua zinapungua. Hajaja.

Mei 16

Soko limewapa wadhamini wa kwetu njia ya kutokea. Anayefuta kesi na kuachia mali aliyoiweka rehani hatadaiwa zaidi mpaka kufa. Asiyefuta, akawatafute huko huko. Nasikia wengi wametia saini. Kwa mfamasia wameingia tayari.

Mei 21

Asubuhi simu iliita, nikaona jina, nikaogopa kupokea.

"Njoo unisaidie kufunga vyombo," akasema. "Wanangu wako mbali, na majirani ni wambea."

Nilikwenda kwa miguu, jua limewaka, tope mtaani limeanza kukauka na kupasuka. Chini, kwenye chumba cha kushonea, cherehani zilikuwa zimeshachukuliwa. Zilibaki alama za pale ziliposimama sakafuni na vipande vya kitambaa cha bluu. Shangazi alikuwa juu, kajifunga khanga kiunoni, anafungia sahani kwenye magazeti. Nikamwamkia. Akaitikia. Akanisogezea rundo la vikombe, nami nikakaa chini nikaanza.

Tulifunga vyombo kitambo kirefu. Naye ametia saini, nyumba ameiachia. Anahamia kwa mtoto wake wa pili, chumba kimoja, kwa hiyo vingi vya hivi vitagawiwa. Alikuwa anajua kila sahani ya nani.

"Nilikuwa na hasira nawe," akasema mwishowe, macho yake kwenye kazi. "Niliapa sitakanyaga kwako. Kisha nikafikiri. Mtu kazi yake ni kusema maneno mchana kutwa, ipo siku atakosea moja. Mimi nimeshona sare miaka mingapi, na nimewahi kumkatia mtoto wa watu suruali yenye mguu mmoja mfupi. Ulikosea. Binadamu hukosea. Nimekusamehe, mwanangu. Sitaki kutoka katika nyumba hii nina kinyongo na mtoto wa kaka yangu."

Niliweka kikombe chini. Sikuweza. Nilikuwa nimeyameza kwa kamati, kwa magazeti, kwa mwenzangu wa televisheni, lakini msamaha ule sikuweza kuumeza.

"Shangazi, mimi sikukosea."

Akainua macho.

Nikamwambia yote. Haya ya Waziri, mkono wa Balozi, koridoni, biskuti, kamati. Nikamwambia nilichosema kweli na nilichosema nimesema. Nikamwambia nilifanya kwa ajili ya nyumba yake. Nililia, sioni aibu kuandika, nililia kwa hasira hadi kamasi.

Alinisikiliza mpaka mwisho na sahani mkononi. Nilidhani atanikumbatia, au atatukana, maana kutukana anajua. Hakufanya hata kimoja. Uso wake ulizeeka mbele yangu.

"Usiniambie hivyo," akasema taratibu.

"Lakini ndiyo kweli, shangazi."

"Najua ni kweli. Nimekulea, uongo wako naujua. Ndiyo maana nakuomba." Akaiweka sahani chini, akashindwa kuiachia. "Kosa lako naweza kulisamehe. Nimelisamehe, na jana nililala kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule. Sasa ukiniondolea kosa lako, hili lingine nitamsamehe nani? Waziri? Yule mwenye biskuti? Nitalala vipi kwenye kile chumba, mwanangu, na umri huu, na hasira ya watu nisioweza hata kuwafikia mlango wao?"

Chini kulikuwa na watu wa lori wanapiga hodi, wanauliza kama kabati nalo linakwenda. Alikuwa ananitazama mimi, anangoja, kama wanavyonitazama watu wawili ambao hawaelewani na ni mimi tu ninayejua lugha zote mbili.

"Nilikosea, shangazi," nikasema.

"Basi. Yameisha," akasema. Akanipangusa uso na ncha ya khanga yake, akanisogezea gazeti jingine la kufungia, nami nikaendelea na vikombe.